Kikohozi cha Leonia

Maradhi hayana haya. Ukiyafungia ndani yatatokea dirishani, ukiyafunika shuka yatachungulia miguuni, na siku utakapochoka kuyaficha yatajitangaza yenyewe mbele ya kadamnasi. Ndiyo maana wahenga wakanena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Wengi wetu tuliikariri methali hiyo darasani, tukaijibia mtihani, kisha tukaisahau. Silvana wa Katandala, mjini Sumbawanga, hakuisoma darasani. Alifundishwa na mwanawe wa pekee.

Silvana alikuwa mjane na muuza migebuka wakavu katika soko la Mazwi. Samaki hao walipanda kwa malori kutoka Kabwe, kando ya Ziwa Tanganyika, naye aliwapanga juu ya meza yake tangu alfajiri, huku baridi ya Ufipa ikimuuma vidole. Mikono yake ilinuka samaki hata Jumapili kanisani, wala hakuona aibu, kwa kuwa samaki hao ndio waliomsomesha Leonia hadi kidato cha nne. Leonia alikuwa msichana mrefu, mwenye shingo ya kupendeza na macho makubwa. Alipomaliza shule alikaa mezani kwa mama yake, lakini moyo wake ulikuwa mbali na samaki.

Zilikuwa zama za ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Maduka ya ushirika yalikuwa yamekufa kifo cha mende, mitumba imezagaa hadi vichochoroni, na vibanda vya video vilijaa vijana waliotoka humo wakitembea na kuongea kama watu wa Dar es Salaam. Ndipo akarejea mjini mtu mmoja aliyeitwa Isdori, amevaa viatu vyeupe visivyopatana na matope ya Sumbawanga. Alikodi ghala la mahindi lililoachwa na ushirika, akalipaka chokaa na kuandika ukutani: Nyota ya Ufipa, Shule ya Urembo na Maigizo. Wazazi walicheka, watoto wao wakajiandikisha.

Asubuhi Mwalimu Isdori alifundisha mwendo wa maonyesho ya mavazi. Wasichana waliozoea kubeba ndoo kichwani hawakuwa na la kujifunza kuhusu kunyoosha shingo, kwa hiyo aliwafundisha kutocheka. Mchana ulikuwa wa maigizo. Aliwaahidi kwamba mwisho wa mwaka watengenezaji wa filamu wangekuja kutoka Dar es Salaam kutazama igizo lao, na atakayewavutia angechukuliwa. Tangu siku hiyo Leonia hakuota kitu kingine.

Mwezi wa sita, baridi ilipokolea, Leonia alianza kukohoa. Siku moja kilimshika kikohozi katikati ya mazoezi, akainama na kushika kifua hadi machozi yakamtoka. Mwalimu Isdori akapiga makofi.

"Nani kakufundisha kukohoa hivyo?" aliuliza. "Nimemtafuta mke mgonjwa wa igizo langu mwezi mzima, kumbe ninaye hapa."

Leonia angeweza kusema ukweli palepale. Alifuta mdomo, akatabasamu, akapewa nafasi ya kwanza katika igizo.

Silvana alifurahi kupita kiasi. Sokoni kote Mazwi hakubaki mnunuzi ambaye hakuambiwa kwamba Leonia ndiye mkubwa wa igizo. Jioni aliposikia kikohozi kutoka uani na kuuliza kulikoni, Leonia alijibu, "Nafanya mazoezi, mama." Silvana akacheka. Alitoka nje akaketi kwenye kigoda kumtazama, na kwa kuwa alikuwa ameuguza watu wengi maishani mwake, akaanza kumrekebisha.

"Mgonjwa hawatazami watu, mwanangu. Anatazama chini. Na akimaliza hasimami upesi, anatafuta kwanza mahali pa kushika."

"Hivi?" Leonia aliuliza, akakohoa tena huku ameshika ukuta.

"Hapo sasa. Hapo hata mimi ungenidanganya."

Ikawa ndiyo desturi ya nyumba ile. Mtoto alikohoa, mama akasifia. Alipozidi kukonda, Mwalimu Isdori alisema huo ndio mwili unaotakiwa kwenye mitindo, na Leonia akawa wa kwanza mstarini asubuhi kama alivyokuwa wa kwanza mchana. Ugonjwa ulimpandisha cheo huku na huku.

Jirani yao Evodia hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Siku moja alimsimamisha Silvana penye ua.

"Mama Leonia, mbona mnafua mashuka kila siku na baridi hii?"

"Binti yangu msafi."

"Usafi gani huo? Yule mtoto anatoka jasho usiku. Anakonda. Mpeleke hospitali."

"Amekonda kwa sababu ya shule. Wako angekuwa na umbo hilo, ungesema amekonda?"

Evodia aliinamisha kichwa na kurudi zake. Silvana aliingia ndani akinung'unika kwamba kikulacho ki nguoni mwako, kwamba jirani hapendi kuona mwenzake akiinuka. Lakini jioni hiyo alimgusa Leonia paji la uso, akakuta linaunguza.

"Nimetoka jikoni, mama, nilikuwa karibu na moto," alisema Leonia.

Silvana aliutoa mkono wake, wala hakuuliza tena. Kusema kweli, aliogopa. Miaka ile msichana akikonda na kukohoa, watu walimbandika ugonjwa mmoja tu, ugonjwa ambao hata jina lake walilisema kwa kunong'ona. Walioshukiwa nao hawakununuliwa kitu sokoni, wala wenzao hawakunywa kikombe kimoja nao. Silvana aliona bora aamini mazoezi.

Siku ya igizo ilikuwa Jumamosi moja mwishoni mwa mwaka. Ghala lilifurika watu, wengine walitazamia madirishani, na wageni kutoka Dar es Salaam waliketi mbele. Silvana alivaa kitenge chake kipya, akakaa safu ya pili. Leonia alilala mkekani jukwaani, na kijana Enock, aliyeigiza mume, alisimama juu yake akimtukana kwa uvivu. Leonia akainuka kidogo, akakohoa. Hakutazama watu. Alitazama chini, akatafuta mahali pa kushika, akakosa. Damu ilimtoka mdomoni, ikamwagika kwenye khanga yake nyeupe.

Ghala zima lililipuka kwa makofi na vigelegele. Watu walidhani ni rangi. Mmoja wa wageni alisimama akitikisa kichwa kwa mshangao, na Silvana naye akasimama, akapiga makofi hadi viganja vikamuuma.

"Ni binti yangu yule," alimwambia aliyekaa kando yake. "Mimi ndiye niliyemfundisha."

Enock alisahau maneno yake. Alipiga magoti, akamtikisa Leonia, akaita jina lake halisi, siyo lile la igizo. Hapo ndipo makofi ya Silvana yalipokatika, ingawa ya wengine yaliendelea.

Hospitalini daktari aliuliza swali jepesi. "Mama, ameanza kukohoa lini?"

Silvana alianza kuhesabu miezi kwa vidole, akaachia njiani. Hakujua kikohozi kipi kilikuwa mazoezi na kipi kilikuwa ugonjwa.

"Ni kifua kikuu," alisema daktari. "Kinatibika, mama, na dawa zake tunatoa bure. Mngemleta kilipoanza angekuwa anacheza leo. Sasa mapafu yameharibika mno." Akaagiza kila aliyekaa karibu na Leonia apimwe, nyumbani na shuleni.

Leonia alipopata nguvu ya kuongea, alimshika mama yake mkono.

"Ningesema, Mwalimu angenitoa. Na watu wangesema nina ule ugonjwa."

"Mimi je, mwanangu? Hata mimi?"

"Kila nilipotaka kukuambia, mama, nilikuta unacheka."

Hakufika Jumapili ya juma lililofuata. Alikata roho asubuhi, mama yake akiwa ameenda kumchotea maji ya kunawa.

Msibani, kaka yake Silvana aliyeitwa Leonsi alimvuta pembeni na kumshauri kwa sauti ya chini. "Dada, watu wanauliza. Tuseme ni malaria. Tusilete maneno kwenye ukoo."

Silvana alijifunga khanga kiunoni. Kisha akarudi mbele ya waombolezaji, mahali alipokuwa ameketi Evodia akilia, mahali aliposimama Mwalimu Isdori akiwa ameinamisha kichwa, akasema kwa sauti iliyofika hadi barabarani.

"Mwanangu hakufa kwa malaria, wala hakurogwa. Amekufa kwa kikohozi. Yeye alikificha, nami nikamfundisha kukikohoa vizuri."

Watu walikwisha kuona kwa macho yao, mchana kweupe, siri ile ikitoka kinywani mwa Leonia huku wao wakiipigia makofi, na hakuna neno la kuongeza juu ya lile la wahenga: mficha maradhi kifo humuumbua.