Mbegu Zilizokuwa Majivuni

"Ufagio wenye hasira hufagia na mbegu." Mmeyasikia maneno hayo leo kwenye mazoezi ya kwaya, mzee wa kanisa akimwambia katibu wenu aliyetaka kufukuza nusu ya waimbaji kwa kuchelewa. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza eti yametoka wapi. Mmekuja kwa mwenye kisa. Kaeni. Wewe Haika, weka hiyo simu chini kwanza, mimi siongei na utosi wa mtu. Methali hiyo ilianzia katika nyumba hii hii, na ufagio wenyewe ulikuwa mkononi mwangu mimi, shangazi yenu Nakundwa.

Babu yenu, Mzee Elinihaki, hamkumjua vizuri, mlikuwa wadogo mno. Kijiji chetu chote cha huku milimani Upare kilimjua kwa mbegu za maharage. Vuli ikikaribia, watu walikuja kumwomba. Alizihifadhi kama wazee wote wa huku: unazichanganya na majivu makavu ya jikoni, unazitia chunguni, wadudu hawazibungui. Na kila aina aliiita kwa jina la ilikotoka. Zile nyeusi ndogo zilikuwa za Mama Kirumbi. Nyeupe ziliitwa za msiba wa Mchome, kwa kuwa alipewa matangani. Halafu kulikuwa na nyekundu zenye mistari myeupe, alizozivuna mara ya kwanza mwaka niliozaliwa. Hizo ziliitwa za Nakundwa.

Alipopita miaka sabini akaanza kusahau. Mwanzoni tulimtania, Mungu atusamehe. Kisha akaanza kuuliza mama amekwenda wapi, na mama alikuwa kaburini mwaka wa tisa. Baba yenu alikuwa kazini mbali na ana watoto wadogo, mkiwemo ninyi wasumbufu. Mimi nilikuwa Tanga nashona nguo. Nikafunga cherehani, nikarudi kumlea.

Jamani, nyumba niliyoikuta! Ndizi zimeozea chini ya mto, ugali uko ndani ya kiatu, panya wanatembea mchana kama wapangaji. Nikafunga kanga kiunoni, nikafagia. Na hapo sikilizeni vizuri: sikukosea. Baba alikuwa anaumwa tumbo kila wiki kwa kula vilivyooza, na nilipofagia akapona. Ufagio ulikuwa na kazi yake.

Kosa ni kwamba sikuuweka chini. Kila nikisafisha leo, kesho nakuta kingine kimefichwa. Nilichoka. Na niseme ukweli, nilikuwa na hasira na ule ugonjwa, na kwa kuwa ugonjwa haushikiki, nikashika takataka. Kopo, kitambaa, barua ya zamani, vyote nje. Baba alinifuata nyuma nyuma akisema, "Hicho ni changu." Nami namjibu, "Ni uchafu, Baba." Sikuwa nakitazama hata hicho nilichokitupa.

Kitu kimoja kilimtuliza. Kila asubuhi alikaa na chungu chake, anatia mkono majivuni, anachambua mbegu na kuzitaja. "Za Mama Kirumbi. Za msiba wa Mchome." Akifika kwenye nyekundu, ananitazama, na uso wake unafunguka.

"Za Nakundwa. Si ndiwe?"

"Ndimi, Baba."

Baada ya hapo angeweza kuniita dada, nesi au mgeni mpaka jioni. Haikuniuma. Jina langu nilikuwa nimeshalipata asubuhi, nami nilijua kesho nitalipata tena.

Jumamosi moja akina mama wa kanisa walikuwa waje kumwombea. Nimeamka mapema, nimepiga deki mara mbili, narudi jikoni nakuta karai karibu na mafiga limejaa majivu, na mengine yamemwagika sakafuni. Kumbe Baba alikuwa amemimina chungu chake humo, kwa sababu anazozijua mwenyewe. Hakuna mtoto wa huku asiyejua kwamba majivu hutiwa mkono kabla ya kumwagwa, yasije yakawa na mbegu. Nililijua hilo tangu sijaota meno. Lakini siku hiyo sikutia mkono.

"Hata majivu sasa, Baba? Hata majivu?"

Nikafagia yote, nikayazoa, nikaenda kuyamwaga kwenye moto wa takataka nyuma ya nyumba.

Nilikuwa nimeshaingia ndani niliposikia harufu ya maharage yanayokaangika. Nikakimbia. Nikaingiza mikono motoni, tazameni hili kovu. Zote zilikuwa zimeshaungua, za Mama Kirumbi na zangu hazitofautiani tena.

Baba akaja akasimama mlangoni, akanusa, akatabasamu. "Nani anakaanga maharage?" akauliza.

Nilikaa chini na kanga yangu safi, nikalia mbele ya akina mama waliokuwa wanaingia uani na Biblia zao.

Nilizunguka kijiji kizima kuomba mbegu. Nyeusi nikapata, nyeupe nikapata. Nyekundu zenye mistari hakuna, waliopewa walishazila zamani. Nikazitia majivuni hizo nilizopata, nikamwekea. Akachambua kidogo, akazirudisha. "Haya ni maharage tu," akasema. Hakutaja jina hata moja.

Mwezi uliofuata nikampeleka hospitali. Daktari alikuwa binti mdogo, mpole. Nikamwuliza, "Daktari, hiki kinachomla baba yangu kichwani ni nini?"

"Mama, ugonjwa huu una mambo mengi, na mengine bado yanachunguzwa," akasema. "Lakini ubongoni kuna chembe za kinga. Ni walinzi, na ni wafagiaji pia. Wanapambana na vijidudu, wanaondoa uchafu. Mimi na wewe tunazo, na tunazihitaji."

"Za baba zimekufa?"

"Hapana. Katika ugonjwa huu uchafu hujikusanya ubongoni. Mwanzoni chembe hizo zinauondoa, zinasaidia kweli. Uchafu usipokwisha, nazo hazitulii. Zinakaa katika hali ya vita. Zinamwaga kemikali zinazoumiza chembe za jirani, na zinaweza kuondoa hata viungio vizima, vile ambavyo kumbukumbu hupitia."

"Zinafanya hivyo kwa nini?"

"Zinasafisha, mama. Hazijui kuacha."

Nikaangua kilio. Akadhani namlilia Baba. Nikamweleza habari ya karai, mwanzo mpaka mwisho.

"Usijibebeshe ugonjwa," akaniambia. "Ungeendelea hata bila hilo karai."

"Najua, Daktari. Lakini zile asubuhi zilikuwa zangu. Labda zilibaki thelathini, labda mia. Nimezifagia mwenyewe. Ufagio wenye hasira hufagia na mbegu."

Nesi aliyekuwa anampima Baba presha ni wa huku kwetu. Aliyachukua maneno hayo, akayaleta kijijini, yakaingia vikaoni na kanisani. Leo yanasemwa na watu wasiojua ufagio ulikuwa wa nani.

Baba aliishi mwaka mmoja na miezi miwili baada ya hapo. Nilimwogesha, nilimlisha, nilimwimbia. Akificha kijiko, nakiacha palepale alipokificha. Alinishukuru kwa adabu sana, kama unavyomshukuru mtu usiyemjua aliyekubebea mzigo. Siku ya mwisho nilimwinamia sikioni.

"Baba, ni mimi. Nakundwa."

Akanitazama kwa upole. "Jina zuri hilo," akasema. "Alikupa nani?"

Basi. Nendeni mkalale, na kesho mkamwambie katibu wenu kwamba methali hii si ya kuchekea. Ufagio wenye hasira hufagia na mbegu.