Mtoto wa Hembe Aitwe Nani?

Hapo zamani, si zamani ya bibi yako, zamani hii hii ya simu za mkononi, palikuwa na mfamasia akiitwa Siwema. Kwa mdomo, hata redio ilimwogopa. Kabatini mwake ilikuwamo dawa ya kupuliza puani, inayomrudisha mtu aliyezidisha unga wa kulevya. Lakini amri ya serikali ilisema: bila cheti cha daktari, haitoki. Ukiitoa, duka linafungwa.

Siku ya akika, karamu ya kumpa jina binti mchanga wa Hembe mpiga ngoma, pilau linanukia mtaa mzima, mara Chausiku huyo, mbio! Chausiku alikuwa teja mwenzake Hembe, na sheria ya maskani, kijiwe chao cha kuvutia unga, ni moja: mwenzenu akianguka, tawanyikeni kimya. Yeye akapaza sauti: "Hembe kazidisha! Yuko uani, midomo imekuwa ya buluu!"

Siwema akampigia daktari. Hapokei. Akalitazama kabati, akalitazama duka. "Potelea mbali!" Akabeba dawa, akatimka na visigino vyake virefu. Ungemwona, ungelipa kiingilio!

Uani akamkuta Bi Mwantumu, mama mkwe wa Hembe. Kwa desturi yao, mkwe hamgusi mkwe, hata kupeana mkono ni aibu. Leo amempakata, anampulizia pumzi mdomoni, na kila akipumzika anamtukana: "Mkwe gani wewe! Ufe siku ya akika?"

Siwema akapuliza dawa puani. Kisha Hembe akakohoa, akafumbua macho, akauona uso wa mkwewe.

"Shikamoo mama!" Akataka kukimbia!

Watu hoi kwa kicheko. Hospitali wakamwangalia mpaka alasiri, akarudi na daktari yule yule asiyepokea simu. Hembe akasema, "Mwanangu ataitwa jina la aliyeniokoa."

Chausiku akaruka: "Ni mimi! Maskani wamenifukuza. Bila kelele zangu, dawa ingekuwa kabatini na mama mkwe jikoni anakaanga vitunguu."

"Wewe na kelele zako!" Siwema akasema. "Unga ulimziba, nani kamzibua? Kesho huenda nauza mihogo."

Daktari akacheka. "Cheti changu kingefika mazikoni, dada. Nitakusemea amri ifutwe."

Bi Mwantumu akajifunika kanga. "Bila pumzi zangu mngemkuta maiti. Na sasa nitamtazamaje mkwe niliyemwonja mdomo?"

Haya, wajuaji! Mtoto analia, hana jina, pilau linapoa. Atakayesema apewe majina yote matatu, halambi hata ukoko. Je, ni nani kati yao aliyestahili jina lake liitwe mlangoni kwa Hembe kila jioni?