Baragumu la Mwadime

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na mlima, na mlimani palikuwa na watu.
Wako wapi?
Ngojeni niseme. Na wewe unayesinzia huko, amka, hii si ya kusinzilia.

Hapo kale alikuwako askari mmoja, Mwadime. Alipozaliwa aliitwa Wakesho, akavishwa shanga za kike. Lakini tangu alipojua kusema alisema yeye ni mwanamume. Mfalme mzee akamsikia akipuliza baragumu, ile pembe ya vita, akampa ulinzi wa kivuko cha mto. Basi, yakaisha.

Mila ya mlima ule ilikuwa hivi: baragumu likilia, watoto wakimbilie pangoni, wenye mikuki washuke mtoni. Lisipolia, hakuna kutoka, hata mtu apige kelele mpaka akaukiwe na koo, maana wezi wa mbuzi walizoea kuwatisha watu hivyo ili waache mazizi. Maadui wakaja mara ya kwanza, Mwadime akapuliza, watu wakapona. Wakaja mara ya pili, akapuliza, wakapona. Wakaja mara ya tatu, akapuliza, wakapona. Aliyeteseka ni Fisi. Hakuna maiti, hakuna mfupa.

Mfalme mzee akafa, akatawala mwanawe Mwambogha, mtu wa kuogopa kuchekwa. Fisi akamwendea, akamnong'oneza kwamba majirani wanamcheka, eti jeshi lake linaamshwa na mwanamke. Fisi huyo! Ambaye mpaka leo wawindaji hubishana kama ni dume au jike.

Mwambogha akamwita Mwadime mbele ya jeshi zima.

"Wewe ni Wakesho. Lete baragumu, urudi jikoni."

"Mimi ni Mwadime. Waulize maadui, wananijua."

Wenzake aliolala nao njaa vitani wakatazama chini. Hilo lilimuuma kuliko kunyang'anywa pembe.

Jikoni hakwenda. Alikaa pale pale kivukoni, mikono mitupu. Alfajiri moja akawaona maadui wanavuka. Akapanda mbio, akagonga mlango wa kwanza, wakamjibu hawajasikia baragumu. Akagonga wa pili, hawajasikia baragumu. Wa tatu ulikuwa wa mfalme. Mwambogha akalitungua baragumu ukutani, akapuliza mwenyewe, ikatoka pumzi tupu. Alipomkabidhi Mwadime, mapaa ya chini yalikuwa yanaungua.

Mwadime akapuliza, amesimama njiani. Wa juu wakawahi pango. Wa chini hawakuwahi. Mshale ukamkuta baragumu li mdomoni.

Waliobaki wakamzika kiaskari, na pembe yake kifuani. Wale waliotazama chini ndio waliomwita kaburini, "Mwadime! Mwadime! Mwadime!" Hakuitika.

Basi anayekulinda, mwite kwa jina lake angali anasikia. Fisi mnamuulizia? Fisi alishiba.

Hadithi imefika ukingoni. Ikiwa tamu, ilambeni; ikiwa chungu, si mimi niliyeitia shubiri.