Mkeka wa Mize

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa nini?"

"Pakawa mkeka, haujakunjwa!"

"Nani kaulalia?"

"Hatujui, tutandikie!"

Basi natandika. Sogeeni motoni. Anayetaka kusinzia asinzie, ila asimkoromee mwenzake sikioni.

Hapo zamani za kale, katika kijiji cha Kibondeni, alikuwapo msusi wa mikeka aitwaye Mize. Alikuwa na binti mchanga, Siti, aliyekuwa bado ananyonya. Kando ya mto wao palikuwa na kichaka cha mikindu, ile miti ya jamii ya mtende itoayo ukindu wa kusukia. Kila jua lilipozama, upepo ulipita mle ukasema shuuu, shuuu, na Kibondeni nzima ikalala. Watoto wakalala, mbuzi wakalala, na mbu naye akalala kabla hajamng'ata mtu.

Wasusi walikuwa na desturi yao. Ukienda kukata ukindu, kila mti unakata kuti changa moja ambalo bado limejifunga, na la pili unaliacha lifunguke, mti usife. Na kabla ya kukata, unaomba.

Siku moja Mize aligeuka usingizini, mkono wake ukaanguka nje ya mkeka. Udongo ulikuwa baridi. Akashtuka, akaketi.

"Kumbe raha yangu ina ukingo!" akasema. "Ningekuwa na mkeka mpana zaidi, ningelala nikashiba."

Kulipokucha akachukua kisu, akaenda mtoni, akaimba:

*"Mkindu, mkindu, nipe nilale."*

Mikindu ikajibu kwa sauti ya majani:

*"Chukua, Mize, nibakishie nami nilale."*

Mnana, yule ndege mdogo wa manjano anayesuka kiota chake kwa majani hayohayo, akamwita kutoka juu: "Mize wee! Kata moja, acha mwenzake!"

"Wewe nyumba yako inaingia kiganjani," Mize akamjibu. "Utajuaje shida za wakubwa?"

Akakata lile, akakata na mwenzake. Akachana, akasuka ukili mrefu kama utepe, akaushona mkeka. Akaulalia, akaota anaelea juu ya maji ya maziwa, na Siti kifuani. Lo, usingizi mtamu! Lakini alipogeuka, mguu ukatoka nje.

Akarudi mtoni.

*"Mkindu, mkindu, nipe nilale."*

*"Chukua, Mize... nibakishie..."*

Sauti ilikuwa nyembamba, kama ya mtu anayeongea huku amejifunika shuka.

"Kata moja, acha mwenzake!" akalia mnana.

"Nitaacha kesho," akasema Mize, akakata yote mawili, mti kwa mti. Mkeka ukapanuka ukagusa mafiga. Safari hii hakuota maziwa. Aliota ukingo. Na alipogeuka, kichwa kikaanguka chini.

Akarudi mara ya tatu.

*"Mkindu, mkindu, nipe nilale."*

Kimya. Mize akasubiri kidogo, kisha akajiambia, "Aliyenyamaza amekubali." Akakata. Mnana alikuwa anatafuta mahali pa kutundika kiota.

Mkeka wa tatu ulijaza nyumba ukuta kwa ukuta. Hata mlango ukawa haufunguki vizuri. Mkono haukuanguka, mguu haukuanguka, kichwa hakikuanguka. Na usingizi haukuja.

Siti alilia mpaka sauti ikakauka. Akakataa ziwa. Macho yake yakazama, na shingo yake ikalegea begani kwa mama yake kama ua lililochumwa.

Bi Kidawa, jirani, akapiga hodi. "Mize, umelala?"

"Sijalala, bibi."

"Basi kalala nani? Mimi sijalala, mbuzi wangu hajalala, jogoo anawika adhuhuri kama amerogwa. Na wewe una mkeka mkubwa kuliko deni la mlevi!"

Mize akaukagua mkeka wake. Akaona ufa kizingitini, upana wa kidole. "Usingizi unatorokea pale," akasema. Akamfunga Siti mgongoni, akachukua kisu.

Mtoni ulikuwa umebaki mkindu mmoja wenye uhai, na juu yake kuti changa moja. Mnana alikuwa ameketi kwenye kisiki.

"Nahitaji hilo tu," Mize akasema. "Mtoto wangu anakwisha."

"Kabla hujakata, sikiliza," akasema mnana.

Mize akasikiliza. "Sisikii kitu."

"Hicho usichokisikia," akasema mnana, "ndicho ulichokisuka kikawa mkeka."

Kisu kikamtoka mkononi. Akalia, na Siti akalia naye mgongoni.

Akarudi nyumbani, akaushonoa ule mkeka. Akagawa vipande, kila nyumba kimoja, maana kwa kukata kwake wenzake walikosa ukindu. Mwenyewe akabaki na kilichomtosha mgongo. Kisha kila siku, kwa kata ya kifuu, akaunywesha ule mkindu, na vichipukizi vilivyojitokeza shinani pake. Akamlisha Siti uji kwa kidole, tone kwa tone, na kumwimbia shuuu kwa kinywa chake mwenyewe, mpaka midomo ikampasuka.

Lile kuti likafunguka. Vichipukizi vikawa na majani. Alasiri moja upepo ukashuka mtoni, ukasema shuu, kidogo tu, kama mtu anayepuliza uji wa moto. Siti akapiga mwayo. Akalala. Mize akalala palepale, udongoni, kata mkononi.

Bi Kidawa akaja na ukali wake. "Wee Mize, kulala mtoni kama gunia, huna ha..." Hakumaliza. Akalala naye, mdomo wazi.

Basi wanangu, Mize aliitafuta raha kwa kuikata. Ukitaka kulala vizuri, bakisha, na mti nao ulale.

Nami nilipita pale kuomba kipande cha mkeka. Niliwakuta wote wanakoroma, nikaondoka mikono mitupu. Ndiyo maana leo nimekalia kigoda.

Ngano yangu naikunja. Itakayemwangukia kesho, na aitandike.