Neno la Siri Lililoazimwa Kama Chumvi

Mzigo huu si wangu, nami nimechoka kuubeba. Nautua hapa mbele yenu. Mwenye mabega aupokee.

Kule milimani upande wa Rungwe palikuwa na chuo kikuu kimoja, jina lake nalihifadhi, chenye ng'ombe wengi kuliko walimu. Humo walikuwamo watu watatu, kila mmoja na alichojaliwa.

Lwitiko, mwanafunzi, alijaliwa jicho. Mpangie magunia mia ya maharage, atakwambia la arobaini limeshonwa na mtu wa mkono wa kushoto. Maneno machache, kutazama kwingi.

Sekela alijaliwa mkono. Alisomea mitandao ya kompyuta na ulinzi wake, wala hakuishia kwenye daftari. Likizo, wenzake walipokwenda kwao kuchuma chai, yeye alibaki chuoni akifungua mitambo mibovu, akiifunga, akiifungua tena. Nyaya alizijua kama mkulima ajuavyo mifereji yake: huu unatoka wapi, unamwaga wapi.

Mama Tumpe alijaliwa mdomo. Alikuwa mfagizi, kibarua mwaka wa kumi na moja. Hakuulizi kitu, mama huyo. Anakaa, anasema lake, nawe unashtukia umeshamwambia lako na la jirani yako.

Mwaka huo chumba cha mitambo kilikuwa na nafasi moja ya ajira ya kudumu, na atakayeipata angefundishwa kazi hapohapo. Sekela aliitaka tangu mwaka wa kwanza. Lwitiko aliitaka pia, ila hakumwambia mtu. Mama Tumpe alikipiga deki chumba kile kila asubuhi, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama anaitaka.

Basi Jumatatu ya wiki ya matokeo, matokeo yakakutwa yamefungwa. Ya wanafunzi mia sita, mtu kayatia kufuli ndani ya mtambo kwa neno la siri analolijua yeye. Nakala ya akiba nayo ilikuwa humohumo, kama mtu afungiaye ufunguo wa pili ndani ya nyumba. Dokta Mwaisaka, mkuu wa idara, akatangaza kwamba yasipofunguka kufikia Alhamisi saa sita mchana, mitihani itarudiwa yote. Nafasi ya chumba cha mitambo, akasema, ni ya atakayeyafungua.

Lwitiko akaketi mbele ya orodha ambayo mtambo hujiandikia wenyewe: nani kaingia, saa ngapi. Mistari elfu saba. Jumanne akamwita Sekela pembeni.

"Ijumaa saa nne na dakika kumi jina lako limeingia mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa maktaba, mimi nilikaa nawe. Ya pili imetoka kwingine, hukuwa wewe. Neno lako la siri nani analo?"

Sekela akaanza kuhesabu kwa vidole. Alikuwa amempa Atu, wa chumbani kwake, siku aliyokwama kutuma kazi yake. Atu kampa binamu yake. Binamu naye ana marafiki. Huku kwetu jirani akija na kikombe kuomba chumvi, humnyimi. Neno la siri nalo likatoka mlango hadi mlango vivyo hivyo, hata haijulikani liliishia kwa nani. Na mwenye chumvi ndiye aliyesomea ulinzi.

"Si wewe uliyetuhubiria tusiazimane?" Lwitiko akasema.

"Ndimi. Wewe ungemnyima?"

Lwitiko akarudi kwenye orodha yake. Wenye midomo wanasema mstari ule aliuona tangu Jumatatu asubuhi, akakaa nao siku nzima akipima Sekela aanguke au asianguke. Mimi sikuwapo.

Sekela akaenda mwenyewe kwa Dokta, akasema yote, hadi ya Atu. Dokta akamwambia kwa kosa hilo watu hufukuzwa, na kwamba watalizungumza Alhamisi. Sekela akatoka hapo, akaanza kufuata nyaya. Akapanda juu ya dari, akatambaa chini ya ngazi, akatokea kwenye banda la ng'ombe, katika chumba cha kupimia maziwa. Nyuma ya magunia ya pumba kulikuwa na kompyuta ndogo iliyochomekwa kwenye waya wa chuo. Ilikuwa imepangiwa kufuta kila kitu saa kumi. Alipoichomoa, zilikuwa zimebaki dakika ishirini.

Chumba kile ni cha Ambakisye, mpima maziwa, aliyewahi kusoma hapo akaishia mwaka wa pili. Akaulizwa, akakana. Akatishiwa polisi, akanyamaza kabisa.

Jumatano Mama Tumpe akaenda bandani na chupa ya chai na magimbi ya kuchemsha. Habari za kompyuta hakuzigusa. Alianza kwa kusema lile dume jeusi lina sura ya shemeji yake, na tabia pia. Ambakisye akacheka. Wakaingia kwenye ng'ombe, na mpima maziwa akamsifu mmoja aitwaye Mjane, aliyenunuliwa kwa mama mmoja mjane: alivyozaa mara ya kwanza kwenye mvua, tarehe fulani, yeye Ambakisye peke yake akimzalisha, mkono ndani hadi kwenye kiwiko. Aliposema hivyo akalia. Alitaka tu kurekebisha alama za mtoto wa dada yake, akaogopa kuonekana, akafunga yote na kupanga yafutwe.

"Mama, hili libaki kwako."

"Limeshakufa hapa, mwanangu," Mama Tumpe akasema, akaapa kwa kaburi la mama yake. Akaosha kikombe. Kisha huyo, moja kwa moja kwa Sekela: "Kilichomliza ndicho alichofungia. Jaribu jina la Mjane na tarehe aliyozaa."

Yakafunguka.

Alhamisi wakaitwa wote ofisini. Lwitiko akasema bila jicho lake wangekuwa wanamtafuta mwizi mpaka leo, na Sekela ndiye angebeba lawama. Mama Tumpe akasema jicho limeona, mkono umeshika, lakini ghala lilikuwa bado limefungwa. Nje mlangoni alisimama Ambakisye na askari wawili. "Mama, uliniapia," akasema.

Sekela akaulizwa. "Mlango niliuacha wazi mimi," akajibu. "Na moto niliuzima mimi. Bila kuuchomoa ule waya kungekuwa hakuna cha kufungua. Sijui mnahesabu lipi."

Dokta akavuta karatasi ya ajira. Ina mstari mmoja wa jina. Ameishika kalamu kitambo sasa.

Haya, wenzangu. Jicho lililookoa, lakini pengine lilichelewa kwa makusudi. Mkono ulioziba tundu uliloliacha wenyewe. Mdomo uliofungua kufuli kwa kuvunja kiapo. Mimi jina nililolichagua ninalo, wala hamlitoi kinywani mwangu ng'o. Kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika la nani?