Kwikwi ya Tembo na Pango la Nungunungu

Paukwa!
Pakawa!
Ninyi wa nyuma mnaosinzia, paukwa!
Pakawa!

Hapo zamani za kale, Nungunungu alitunza dawa za wanyama wote pangoni mwake. Kila dawa ilifungwa kwa jani la mgomba. Swala akaleta ya kikohozi. Akapokea. Nyati akaleta ya kikohozi. Akapokea. Kima, Kanga, Ngiri, wote kikohozi, kikohozi, kikohozi. Akapokea!

“Nikikataa watanuna,” alisema. Pango likafurika, yeye akawa analala mlangoni.

Asubuhi moja Tembo akashikwa na kwikwi. Kwi! Mti chini, puu! Kwi! Viota vikarushwa juu. Ndege wakapiga kelele, “Mayai yetu! Nungunungu, dawa ya kwikwi, upesi!”

“Ipo! Ipo!”

Akafungua fungu. Kikohozi. Akalifunga vizuri, akalirudisha. La pili. Kikohozi. Akalifunga, akalirudisha. La kumi. Kikohozi! Nje, kwi! Jiwe likaporomoka, bingiri bingiri bingiri! Nungunungu akatokwa jasho hadi kwenye ncha za miiba.

Jirani yake, Bi Pimbi, akachungulia. “Bwana Nungunungu, hilo si umelifungua sasa hivi?”

“Hilo lilikuwa la Swala. Hili la Nyati. Au... la Swala tena?”

“Dawa si ile ile?”

“Ile ile.”

“Basi bakiza moja! Mengine nje!”

“Nyati akiuliza lake?”

“Akikohoa, utampa hilo moja. Atapona au hatapona?”

Kwi! Paa la pango likapasuka, ta! Nungunungu akaliweka kando fungu la Swala, akafumba macho, akashika la Nyati, akalitupa. Akafungua jicho moja. Hakuna aliyenuna! Akacheka, akatupa tena. Kikohozi, nje! Kikohozi, nje! Ngiri akayala yote, akashiba, akalala chali.

Rundo likashuka, likashuka, na chini kabisa, hee! Dawa ya kwikwi! Tembo akameza kidogo tu, gubu! Kimya. Ndege wakasikiliza. Kimya! Wakaanza kucheza.

Kesho yake Kiboko naye, kwi! Nungunungu akanyoosha mkono mara moja tu, akampa. Kwi ya pili haikutoka.

Basi wanangu, na ninyi wazazi wao, kitu kimoja kiwekeni mara moja tu. Ukikiweka mara arobaini, siku ya shida hukioni unachokitafuta.

Hadithi yangu imekaa chini hapo, nami naketi.