Kwa Nini Mfereji wa Mwalani Unapita kwa Kila Mtu

Tulieni, wajukuu zangu, niwaeleze habari ya maji haya mnayoyaruka kila asubuhi.

Zamani kilima hiki cha Mwalani kilikuwa kikavu. Maji yalitekwa bondeni, na hapakuwa na mgomba hata mmoja huku juu. Watu walikuwa wakarimu, mgeni hakulala na njaa. Lakini mtu akitaja jambo analotamani kulifanya, walimcheka mpaka anyamaze. Kwa hiyo kila mmoja alificha nia yake kama mtu afichavyo kidonda.

Palikuwa na mjane aitwaye Nakijwa. Alikuwa ameiona chemchemi kule msituni, akawaza kwamba maji yake yangeweza kushushwa hadi nyumbani kwake, apande migomba. Siku ya sherehe ya mavuno akalisema wazo lake mbele ya watu. Sekiete mhunzi akadakia, "Maji yatashuka mlima kuja kukuposa, Nakijwa?" Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Kesho yake Nakijwa alichukua jembe akapanda kilima kwenda msituni.

Alichimba peke yake misimu miwili. Ndipo akafika kwenye mwamba, na jembe likapasuka vipande viwili. Mhunzi alikuwa mmoja tu, basi akamwendea yuleyule Sekiete, akaviweka vile vipande miguuni pake.

Sekiete aliitazama mikono ya Nakijwa. Ilikuwa imechanika na kufungwa matambara. Hakucheka.

"Nisamehe, mama," alisema. "Ujanani nilitaka kufua kengele. Niliogopa kuchekwa na watu kama mimi."

"Na sasa?"

"Sasa nimezeeka."

"Mikono itakayounga jembe langu haijazeeka," Nakijwa akamjibu.

Sekiete akaliunga jembe, kisha akajitwika nyundo na kupanda naye. Namkunda, mfinyanzi aliyekuwa jirani yao, alipowaona wakipita akaacha udongo wake akawafuata. Watu wengine nao wakaja, mmoja leo, mwingine kesho. Waliwasha moto juu ya mwamba, wakaumwagia maji ya baridi, mwamba ukapasuka. Na katika kuchimba wakaanza kuambiana walichokuwa wakikitamani miaka yote. Kila mtu alikuwa akihema, hakuna aliyepata pumzi ya kumcheka mwenzake.

Walipoupita mwamba, njia ya kwenda kwa Nakijwa ilikuwa fupi na ya mteremko.

"Tuunyooshe mfereji," Sekiete alisema. "Kiangazi kimekaribia, na machipukizi yako ya migomba umekwisha kuyapanda."

"Hapana," alisema Nakijwa. "Maji yapite kwanza kwenye banda lako la kufulia chuma. Halafu kwa Namkunda, apate maji ya kukandia udongo. Yapite kwa kila aliyeshika jembe. Kwangu yatafika."

Walibishana naye siku nzima, akawashinda. Mfereji ukazunguka huku na kule, na kiangazi kikaingia kabla haujafika kwake. Machipukizi yake yakakauka yote. Nakijwa aliyang'oa moja baada ya jingine, akalia, kisha akarudi kuchimba.

Siku maji yalipofika mlangoni pake, alikuta watu wamemtangulia. Kila mmoja alikuwa amekuja na chipukizi la mgomba lililooteshwa kando ya mfereji, kwa maji yaliyotangulia kupita nyumbani kwa huyo aliyelileta. Shamba la mjane likawa kubwa kuliko yote kilimani. Sekiete naye alifua kengele yake. Ilikuwa na sauti mbaya kama debe, nao wakaipiga hivyohivyo kwenye kila sherehe.

Na tangu siku hiyo, mfereji wetu umepinda, na anayetaka kuunyoosha hukatazwa. Na tangu siku hiyo, mtu wa Mwalani akimsikia jirani yake akisema, "Ninatamani kufanya jambo fulani," hamcheki wala hamsifu. Humwuliza tu, "Tuanzie wapi?"